Gitaa Katika Nyumba ya Kiongozi wa Kwaya

Katika kijiji kimoja cha milima ya Maragoli, magharibi ya Kenya, yuko mzee ambaye watu wote humwita Mwalimu, ingawa yapata robo karne tangu alipoacha kazi ya kufundisha. Alizaliwa mwaka 1945, akaanza kufundisha muziki katika shule za sekondari mwaka 1967, akastaafu mwaka 2000 alipotimiza miaka 55, maana huo ndio uliokuwa umri wa kustaafu kwa sheria ya wakati ule. Nyumba yake ni ya matofali na mabati, na mbele yake pana migomba na kishamba cha chai. Ndani, juu ya kabati la vyombo, vimewekwa vitu viwili ubavu kwa ubavu: uma wa chuma wa kutolea sauti, alioachiwa na baba yake aliyekuwa kiongozi wa kwaya ya kanisa, na gitaa la debe lisilo na uzi hata mmoja.

Vitu hivyo havikupata kukaa katika nyumba moja siku za uhai wa baba yake. Naye Mwalimu mwenyewe, alipokuwa mwenye nyumba na watoto, alitaka kuvitenga tena, na nusura jambo hilo limpoteze mwanawe. Ndiyo maana akizungumza habari za muziki wa dansi wa nchi hii hawezi kuacha kuwataja watu wa nyumbani kwake, na akiwataja watu wa nyumbani kwake hayachelewi kutokea majina ya wapiga gitaa.

BABA MWENYE SOLFA NA NDUGUYE ALIYETOKA VITANI

Baba yake alijifunza kuimba katika shule ya misheni kwa njia ya solfa. Njia hiyo ilienezwa sana Uingereza katika karne ya 19 na John Curwen, nayo huandika sauti kwa herufi tu, bila mistari mitano na bila vichwa vyeusi vya noti. Mtu aliweza kuiandika ubaoni kwa chaki, au kuipiga chapa kwa herufi zile zile za kitabu cha kusomea. Kwa hiyo ilifaa sana shule za misheni zisizokuwa na vinanda wala fedha, ikaenea katika Afrika yetu upesi kuliko vitabu vingine vingi. Mwalimu akumbuka kwamba wakulima ambao hawakuweza kusoma barua ya karani wa chifu waliweza kusoma sauti ya tatu ya wimbo mgeni bila kukosea. Baba aligonga uma juu ya goti lake, akauweka sikioni, na kwaya nzima ikanyamaza kama watu wangojao hukumu.

Baba huyo alikuwa na ndugu mdogo, ambaye Mwalimu alimwita baba mdogo. Aliandikwa katika King's African Rifles, akawa miongoni mwa askari wa Afrika ya Mashariki waliopelekwa Ceylon na ambao mwaka 1944 walipigana Burma. Aliporudi mwaka 1946 alileta blanketi mbili, saa ya mkono na gitaa. Katika jeshi kulikuwa na kikosi cha kuwatumbuiza askari, na mmoja wa watu wake alikuwa Fundi Konde, kijana wa Pwani aliyezaliwa mwaka 1924, ambaye baada ya vita alikuja kuwa mwimbaji mashuhuri katika Kenya. Baba mdogo hakuwa wa kikosi hicho. Alikuwa askari wa bunduki tu, lakini alikuwa na masikio, na jioni za kambini hazikuwa na kazi nyingi.

Kwa muda wa mwaka mmoja kijiji kilifurahi. Kisha askari huyo akaenda Nairobi, akawa akipiga gitaa katika mahoteli ya chai na katika karamu za arusi. Fedha hazikuja nyumbani. Mkewe alilima peke yake, na watoto wake watatu wakala katika chungu cha ndugu yake mkubwa. Karo yao ya shule alilipa kiongozi wa kwaya, na ili ailipe iliwapasa ng'ombe wawili waende mnadani.

Hapa Mwalimu hupenda kuwarekebisha vijana wasemao kwamba wazee wa kanisa walichukia gitaa kwa sababu ya dini tu. Dini ilikuwamo, hakatai, lakini ilikuwamo hesabu pia. Baba yake hakuwa mjinga wa muziki, tena alikuwa na sikio jema kuliko mtu yeyote wa tarafa ile. Alichoona yeye ni jembe lililoachwa shambani na mwanamke aliyebaki nalo. Alizoea kusema hivi: "Gitaa lile limekula ng'ombe wawili, na bado lina njaa." Baba mdogo alifariki huko huko Nairobi mwaka 1957, na gitaa lake halikuonekana tena.

Mwalimu alikuwa na miaka 12 siku zile. Mwaka huo huo alitengeneza gitaa la debe la mafuta, shingo yake ni kipande cha mti, nyuzi zake ni waya zilizotolewa katika breki za baisikeli, akalificha ghalani chini ya mahindi. Ndilo hilo lililo juu ya kabati.

SAHANI KUTOKA KATANGA

Dukani sokoni kulikuwa na santuri. Mwenye duka aliiweka karibu na mlango, ipate kuvuta watu, na watoto waliotumwa chumvi walichelewa kurudi. Huko ndiko Mwalimu alikosikia kwa mara ya kwanza gitaa la Jean-Bosco Mwenda. Bosco alizaliwa Katanga mwaka 1930. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika akinasa nyimbo za wenyeji, alimkuta katika mji wa Jadotville, ambao siku hizi ni Likasi, akanasa wimbo wake uitwao Masanga. Sahani zake zilifika Kenya, na baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1950, mwenyewe akafika Nairobi. Mwenziwe Edouard Masengo naye alikuja akakaa. Bosco alifariki katika ajali ya motokaa mwaka 1990.

Yafaa kueleza kile alichokisikia mtoto yule mlangoni, maana Mwalimu alitumia miaka mingi kukieleza mbele ya darasa. Mpiga gitaa wa namna ya Katanga hafagii nyuzi zote kwa pamoja. Hutumia vidole viwili. Kidole gumba hupiga nyuzi nene, kikipanda na kushuka kwa mwendo usiobadilika, kama mtu atembeaye nyuma ya ng'ombe. Kidole cha shahada huchukua tuni katika nyuzi nyembamba, nacho hakifuati kidole gumba sawasawa. Mara hutangulia kidogo, mara hukawia, mara huanguka katikati ya nyayo mbili. Asikilizaye bila kuona hudhani ni watu wawili wapigao magitaa mawili. Darasani Mwalimu aliwagawa wanafunzi mafungu mawili, fungu moja lipige makofi ya kidole gumba, la pili lile la kidole cha shahada. Kila mwaka fungu la pili lilianguka kabla ya dakika moja kwisha, na kila mwaka darasa zima lilicheka. Baada ya kicheko ndipo alipowaambia kwamba Bosco aliyafanya hayo mawili peke yake huku akiimba juu yake.

Kenya iliipokea namna hiyo ikaitia chumvi yake. Katika sehemu za Kakamega alitokea George Mukabi, ambaye namna yake ya kupiga iliitwa omutibo, na kando yake akawapo mwenzi mwenye chupa ya Fanta, akiigonga na kuikwaruza kwa chuma katika ile mikunjo yake. Chupa hiyo ilishika mwendo vizuri kuliko ngoma nyingi. Mukabi alifariki mwaka 1963 angali kijana, lakini mwanawe, Johnstone Ouko Mukabi, alishika gitaa akaendelea na nyimbo za baba yake. Mwalimu hulitaja jambo hilo kila mara, na wamjuao wajua sababu yake.

Wapwani watasema, tena kwa haki, kwamba habari za muziki wa kupendwa na watu hazikuanza na gitaa la Katanga. Mwalimu hawapingi. Huko Lamu na Mombasa, tangu mwisho wa karne ya 19, watu walicheza beni, wakiiga bendi za askari kwa tarumbeta na ngoma kubwa, wakishindana kwa mavazi na vyeo, na vita vya 1914 hadi 1918 vikaipeleka beni mpaka bara. Unguja alikuwako Siti binti Saad, mwanamke wa shamba aliyezaliwa karibu na mwaka 1880, ambaye mwaka 1928 alivuka bahari hadi Bombay akaimba kwenye sahani kwa Kiswahili. Shaaban Robert aliandika wasifu wake. Na katika nchi ya Wakikuyu kulikuwa na mwomboko, dansi ya jozi kwa jozi, ambayo ndani yake mna kodiani ya Mzungu na pete ya chuma ya Mkikuyu yenyewe.

Lakini neno apendalo zaidi Mwalimu ni kwamba vidole vilikuwa tayari kabla gitaa halijafika. Mjaluo aliyezoea nyatiti yenye nyuzi 8 hakuwa mgeni wa kupiga sauti mbili kwa mara moja, wala Mbukusu mwenye litungu lake. Katika miaka ya 1960 wapiga gitaa wa Nyanza walipoanza benga, waliufuata mchezo ule ule wa nyatiti juu ya gitaa la umeme, uzi mmoja baada ya mwingine, haraka haraka. Mmoja wa wakuu wao alikuwa D. O. Misiani wa Shirati Jazz, aliyezaliwa Shirati, Tanganyika, mwaka 1940 na kufariki mwaka 2006. Atakaye kujua benga ilitoka wapi, Mwalimu humwambia asiende dukani kwanza, aende kumsikiliza mzee wa nyatiti.

JIWE LA KUSAGIA

Nyumbani mwao kulikuwa na mwalimu mwingine wa muziki ambaye hakuna aliyemwita mwalimu. Mama yake alisaga wimbi juu ya jiwe, mtoto mgongoni, akiimba wimbo wa kumbembeleza alale. Mkono ukienda mbele, neno; mkono ukirudi, neno. Ilipofika wakati wa kutia nafaka nyingine juu ya jiwe, mkono mmoja ulitoka, na wimbo ukakatika kwa pigo moja kabla ya kuendelea. Watoto wote wa nyumba ile waliushika wimbo huo pamoja na kipande chake kilichokatika, wakidhani ndivyo ulivyotungwa. Hata wajukuu waliolelewa na mashine ya kusaga ya sokoni waliuimba vivyo hivyo, wakinyamaza pigo moja kwa ajili ya nafaka ambayo hakuna tena aitiaye.

Kiongozi wa kwaya hakuuandika wimbo huo kwa solfa. Haukuwa, kwa mawazo yake, muziki. Mwalimu asema kwamba yeye pia, kwa miaka yake ya kwanza ya kazi, alifundisha vivyo hivyo. Alizitayarisha kwaya zake kwa Mashindano ya Muziki ya Kenya, yaliyoanza mwaka 1927, akapata vyeti, na mwanafunzi aliyekutwa na gitaa bwenini aliadhibiwa.

Kilichomgeuza ni wimbo wa Taifa. Mwezi wa Desemba 1963 alikuwa kijana wa miaka 18 katika kwaya ya shule, akauimba kwa fahari kama wenziwe wote. Miaka kadhaa ikapita kabla hajatambua vizuri ulivyotengenezwa. Tume ya watu watano, yaani Graham Hyslop, G. W. Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi, haikuleta tuni kutoka ng'ambo. Ilichukua wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea mtoto, ulio wa Mzee Meza Morowa Galana wa huko mto Tana. Basi wimbo ambao majeshi husimama wima wakiusikia ulitoka mahali pale pale alipokaa mama yake na jiwe lake. Mwalimu asema siku hiyo alirudi nyumbani akamwomba mama yake amwimbie, na mama akacheka sana, akamwuliza kama bado ana usingizi mtu mwenye ndevu.

Tangu hapo aliyaleta magitaa darasani. Alifundisha Bosco na Mukabi kama alivyofundisha Handel. Alipofika kwenye Malaika, somo likawa la saa mbili, maana wanafunzi walikuwa na maneno. Wimbo huo ni wa kijana ampendaye msichana wala hana fedha za kumwolea, jambo ambalo kila nyumba ya Kenya yalijua. Fadhili William, mwana wa Taita-Taveta aliyezaliwa mwaka 1938, aliuimba kwenye sahani karibu na mwaka 1960 pamoja na Jambo Boys. Kisha ukazunguka dunia. Miriam Makeba na Harry Belafonte waliutoa katika sahani yao ya mwaka 1965, na Boney M waliuimba mwaka 1981. Lakini ni nani aliyeutunga? Wengine, hasa upande wa Tanzania, hushikilia kwamba ni Adam Salim, na ubishi haukwisha hata Fadhili alipofariki mwaka 2001. Vivyo hivyo Daudi Kabaka aliuimba Helule Helule, na mwaka 1968 vijana wa Kiingereza waitwao Tremeloes wakapata sifa kwao kwa wimbo huo. Mwalimu aliwauliza wanafunzi: wimbo ukisafiri hivyo, fedha hupitia njia gani, na hufika kwa nani? Katika siku zile mpiga gitaa mara nyingi alilipwa mara moja tu, siku ya kuimba, akaenda zake. Alipokuwa akiuliza swali hilo hakujua kwamba litakuja kukaa mezani pake.

NG'OMBE WA TATU

Mwanawe wa pili alimaliza Kidato cha Nne mwaka 1990. Alipata nafasi katika chuo cha ualimu. Badala ya kujaza karatasi, alimwambia baba yake kwamba anakwenda Nairobi kupiga gitaa katika bendi ya rumba. Nairobi ya wakati ule ilikuwa na bendi nyingi za Wakongo na Watanzania, na vijana wa Kenya walizionea shauku. Simba Wanyika, bendi ya akina Kinyonga kutoka Tanga waliokuja Kenya mwaka 1971, ilikuwa ingali ikipiga, na ndugu wale walikuwa mfano wa kwamba watu wa tumbo moja waweza kula kwa gitaa moja.

Mwalimu alikataa. Kijana akasema kwa upole, "Baba, Bosco nilifundishwa na wewe." Mwalimu akajibu kwamba alimfundisha kama somo, hakumfundisha kama kazi. Kisha, asema, alisikia kinywa chake mwenyewe kikitamka kwamba gitaa lilikwisha kula ng'ombe wawili katika ukoo ule. Sauti ilikuwa ya baba yake. Alfajiri ya siku ya pili kijana hakuwamo chumbani.

Ikapita miaka mitatu bila barua. Mwalimu hakulitaja jina lake, na mkewe naye hakulitaja, na Mwalimu alidhani mkewe amekubaliana naye.

Siku moja mwaka 1994 alikuwa katika matatu akitoka Kisumu. Dereva alikuwa akipiga kanda ya bendi fulani, na wimbo wa tatu ulipoanza Mwalimu aliinua kichwa. Lilikuwapo gitaa la mbele, lililolia kama yote yaliavyo. Chini yake lilikuwapo gitaa la pili, lile la kushika mwendo, ambalo abiria hawalisikilizi. Gitaa hilo, kila lilipofika mwisho wa mstari, liliacha pigo moja. Halikukosea, maana liliacha pale pale kila mara, kisha likaendelea. Mwalimu aliomba wimbo urudiwe. Dereva, kwa kuwa mzee alikuwa amevaa tai, alikubali. Kituo chake cha Majengo kikapita, Mbale ikapita, na aliposhuka ilikuwa Chavakali, akavuka barabara kungoja gari la kumrudisha.

Alimwambia mkewe aliyoyasikia. Mama huyo hakusema neno. Alikwenda chumbani, akarudi na barua nne zilizokuwa ndani ya kopo la unga. Kumbe kijana alikuwa akiandika kwa kupitia utingo mmoja wa basi, na mama alikuwa akimpelekea majibu, na mara moja sweta. Mwalimu alikasirika siku mbili nzima. Siku ya tatu aliomba asomewe barua hizo, kwa kuwa miwani yake, alivyodai, imepotea.

Alipofika Nairobi alimkuta mwanawe katika chumba kimoja na vijana wenzake wawili. Alikuwa mzima, amekonda. Gitaa alilopigia halikuwa lake. Lilikuwa la mwenye bendi, na mtu aliyetaka kuondoka aliondoka mikono mitupu, asiweze kupata kazi kwingine. Kwa kanda ile alikuwa amelipwa mara moja. Jina lake halikuandikwa juu ya karatasi ya kanda, na kanda yenyewe ilikuwa ikinakiliwa vibandani mitaani kwa mamia, nakala ambazo hata mwenye bendi hakuona senti yake. Mwalimu alisikiliza yote. Asema aliona kwamba hesabu ya marehemu baba yake ilikuwa sahihi kila tarakimu, ila aliyekula ng'ombe hakuwa gitaa.

Alirudi nyumbani akauza mtamba, akanunua gitaa, akampelekea mwanawe. Kwa hesabu ya kiongozi wa kwaya, huyo alikuwa ng'ombe wa tatu. Pamoja na gitaa alipeleka sharti moja lililoandikwa kwa mkono wake mzuri wa mwalimu: asiingie tena chumba cha kunasia nyimbo kabla ya kuweka sahihi karatasi yenye jina lake, kazi yake na malipo yake, na nakala ya karatasi hiyo ibaki kwake. Kijana alilishika. Hakutajirika. Alipiga katika bendi mbili nyingine, akaoa, na sasa afundisha gitaa mjini na kupiga katika arusi siku za Jumamosi. Mkewe halimi peke yake, na watoto wao hula katika chungu cha nyumbani kwao.

Wazazi humjia Mwalimu mara kwa mara kuuliza shauri juu ya watoto wao wenye kupenda muziki, maana siku hizi mtoto anasa wimbo kwa simu akiwa kitandani na kuupeleka duniani kabla ya chai. Hawapi ruhusa wala makatazo. Huwauliza mtoto ameandika jina lake wapi, na nani ataramba asali. Wengine huondoka hawakuridhika, kwa sababu walitaka aseme ndiyo au hapana.

Mjukuu wake wa kike, binti wa mpiga gitaa huyo, huja siku za likizo. Yeye hana haja sana na gitaa, ataka solfa. Mwalimu amempa uma wa babu yake mkuu autumie, ila usitoke nje ya nyumba, na pamoja wameanza kuandika katika daftari nyimbo za bibi mzaa babu wa jiwe la kusagia, aliyefariki mwaka 1998. Wamekwisha andika 11. Pale penye pigo la nafaka binti aliuliza aandike nini, na baada ya kubishana waliacha nafasi tupu yenye mstari mdogo chini yake. Wimbo wa 12 wauweza beti mbili tu. Beti la tatu hakuna alijuaye katika kijiji, ila yuko shangazi mmoja huko Kitale, dada mkubwa wa Mwalimu, ambaye yasemekana angali aliimba akiwa peke yake jikoni. Mwalimu amekusudia kwenda kwake mahindi yakiisha kuvunwa, na binti amesema yeye ndiye atakayechukua daftari.